Nipeni Karata Chafu

Kwa wakusanyaji wa karata za zamani kuna neno moja linalopandisha bei kuliko jina la kampuni, kuliko umri na kuliko uzuri wa picha: haijafunguliwa. Pakiti ya karata za matangazo iliyo bado na selofani yake, stempu ya kodi haijachanika, karata 52 na jokeri wake zimelala kama zilivyotoka kiwandani, hiyo ndiyo inayogombewa. Pakiti hiyo hiyo ikiwa imechezwa, kona zimelegea na migongo imeshika jasho la vidole, inahesabiwa kuwa imeharibika. Mimi nasema kinyume. Iliyoharibika ni ile isiyofunguliwa, kwa sababu kazi iliyotengenezewa haikuwahi kuifanya.

Sisemi haya nikiwa nje ya uwanja. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati lenye pakiti 34 za karata za matangazo. Nimezipata kwenye meza za vitu vya mtumba, kwenye makabati ya mashangazi waliokuwa wanahama nyumba, na kwa fundi saa mmoja aliyekuwa akiyatumia maboksi yake kuwekea skrubu. Nyingi ni chafu. Tatu hazijatimia. Moja imeliwa na mende upande mmoja. Nikiziuza zote kwa hao wanaojiita wakusanyaji wa kweli, sipati hata nauli ya Morogoro kwenda na kurudi.

Kwa asiyezijua, karata ya matangazo ni karata ya kawaida kwa upande wa uso, lakini mgongoni ina jina la kampuni: bia, sigara, matairi, benki, meli, ndege. Hazikuwepo tangu zamani. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, karata nyingi za Ulaya zilikuwa na mgongo mweupe, na mgongo mweupe una taabu yake: doa moja tu la chai, na meza nzima inajua ree iko kwa nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, mchapishaji wa London aitwaye Thomas De La Rue alipata hataza ya namna mpya ya kuchapa karata, na baada ya hapo migongo yenye mapambo ikazidi kuenea. Mapambo yalificha madoa. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuona kwamba penye pambo panakaa pia jina.

Hebu tazama jinsi tangazo hilo linavyofanya kazi, maana hapa ndipo ubishi wangu unapoanzia. Ukishika karata zako, wewe unaona nyuso. Migongo wanaiona wenzako. Tangazo halimwangalii aliyelishika, linamwangalia aliyekaa mbele yake. Watu wanne wakikaa mkekani, kila mmoja amegeuzwa kibao cha barabarani kwa ajili ya wale watatu, bila malipo, tangu baada ya Alasiri mpaka giza linapoingia. Gazeti la leo kesho linafungiwa maandazi. Redio ikizimwa imenyamaza. Pakiti ya karata inaweza kukaa nyumba moja miaka kumi, ikitolewa kila Jumamosi, na kila inapotolewa inataja jina lile lile. Mwenye kampuni hahitaji kurudi kulipia tena.

Sasa niambie, pakiti iliyobaki ndani ya selofani ilimtangazia nani? Ilikaa ghalani, ikatoka ghalani ikaingia kabatini, ikatoka kabatini ikaingia mnadani. Hakuna jicho lililoitazama kwa hamu ya kutaka kujua nyuma yake kuna nini. Inatuambia kampuni ilitaka kusema nini. Kama kuna mtu alisikia, haituambii.

Mwaka jana niliandikiana na mfanyabiashara mmoja wa karata aliyeko Ulaya. Nilimpelekea picha za pakiti ninayoipenda kuliko zote, ya kampuni ya meli ya Union-Castle, ambayo meli zake za kuizunguka Afrika zilikuwa zikitia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Akajibu kwa mistari miwili: kama ingekuwa haijaguswa angeinunua siku hiyo hiyo, lakini kwa hali ilivyo haina thamani. Sikumjibu. Ninajibu hapa.

Ndani ya kifuniko cha boksi la pakiti hiyo kuna hesabu za penseli. Ni safu mbili, moja imeandikwa SISI na nyingine WAO. Karata 40 ni chafu kweli kweli, zimekuwa na rangi ya majani ya chai, na ukizichanganya zinashikana. Karata 12 ni safi. Si safi kidogo: ni nyeupe, kona zake kali, kana kwamba ni za pakiti nyingine. Na hizo 12 zote ni nane, tisa na kumi, za aina zote nne.

Aliyekulia Pwani ameshaelewa. Kwa namna tunavyoucheza kwetu mchezo wa wahedi wa sitini, nane, tisa na kumi hutolewa kabla ya kugawa, zikawekwa pembeni. Zinabaki 40, kumi kumi kwa watu wanne. Pakiti ile ilichapwa Uingereza, kwa abiria wa meli ambao yumkini walitarajiwa kucheza briji, na briji haiachi karata hata moja nje. Lakini uchafu unasema waziwazi kwamba baada ya kushuka melini karata zile zilikaa mikononi mwa watu wengine, wakizicheza mchezo mwingine, kwa sheria zao wenyewe. Hilo halikuandikwa popote ila katika jasho. Anayetaka pakiti hiyo ingekuwa safi anataka ushahidi huo usingekuwepo.

Tuendelee kidogo na mchezo huu, kwa sababu umebeba hoja kubwa kuliko pakiti yangu. Hesabu yake ni hii: ree ina pointi 11, seti ambayo ni saba ina 10, mfalme 4, gulamu 3, malkia 2. Jumla 30 kwa kila aina, 120 kwa aina nne. Nusu ni 60, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda, na ndiyo maana mchezo unaitwa moja na sitini kwa Kiarabu. Vijana wengi wanashangaa kwa nini malkia awe chini ya gulamu, na kwa nini saba impige mfalme. Waulize Wareno. Katika mchezo wao wa sueca, thamani ni hizo hizo, pointi kwa pointi.

Na majina ni yao pia. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, marungu. Uru ni ouros, sarafu za dhahabu. Kopa ni copas, vikombe. Msichana wa Sinza anayechora kopa mbili kwenye kadi ya harusi anachora moyo, lakini kinywa chake kinataja kikombe cha karata za Kireno. Turufu, ambayo wanasiasa wetu hawamalizi wiki bila kuitaja, ni trunfo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinataja pia karata za picha kwa jina la mzungu: mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Ukizijua pointi, unaona hizo namba zimetoka wapi.

Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 na waliipoteza mwaka 1698. Iwe maneno haya yaliletwa na askari wao, iwe yalikuja baadaye kwa njia ya Goa au Msumbiji, jambo moja halibishaniwi: hayakuhifadhiwa na kabati la kioo. Yamehifadhiwa na watu waliokuwa wakicheza, wakibishana, wakitupa karata kwa kishindo na kumtukana mwenzi wao kwa kuficha turufu. Zilizochakaa zilitupwa, zikanunuliwa nyingine, na maneno yakapita. Kama kila mmoja wao angeitunza pakiti yake isiguswe, leo tusingekuwa na neno hata moja.

Ugonjwa wa kupenda kisichoguswa hauko kwa wakusanyaji peke yao. Nimeukuta chuoni pia. Nilipowasilisha wazo la tasnifu yangu mbele ya jopo, mjumbe mmoja aliuliza nyaraka ziko wapi. Nikaweka pakiti mbili mezani. Akazitazama bila kuzigusa, akasema hizo ni takataka za majumbani, si nyaraka, na kwamba mwanahistoria huanzia kwenye majalada. Nilimwambia, “Shikamoo profesa, naomba niendelee,” nikaendelea. Lakini naona sasa kwamba yeye na yule mfanyabiashara wa Ulaya ni ndugu. Mmoja anataka karatasi isiyo na alama ya kidole kwa sababu ya bei. Mwingine anataka karatasi iliyotoka ofisini ikaenda moja kwa moja kwenye rafu, kwa sababu ya heshima. Wote wawili wanaiamini karatasi kwa kadiri isivyopita mikononi mwa watu.

Siyadharau majalada. Nimekaa humo, nimekohoa vumbi lake. Lakini jalada la kampuni litakuambia meneja alipanga kufanya nini. Halikuambii tangazo lilipofika mkekani lilifanywa nini. Litakuambia pakiti kadhaa ziligawiwa kwa wateja. Halitakuambia kwamba tatu ya uru ilipopotea, mtu alikata karata nyingine kutoka boksi la sabuni, akaichora kwa kalamu ya bluu kwa sababu nyekundu hakuwa nayo, na mchezo ukaendelea. Ninayo karata hiyo. Mgongo wake una tangazo la sabuni katikati ya migongo 51 ya tangazo la bia, na bila shaka kila mchezaji aliijua ikiwa mkononi mwa mwenzake. Walicheza hivyo hivyo. Kwa mtu anayetaka kuelewa maisha ya watu waliokuwa na kidogo, kipande hicho cha boksi kina uzito wa majalada mawili.

Kuna watakaosema karata ni upuuzi, jambo dogo. Serikali ya Uingereza haikuona hivyo. Tangu enzi ya Malkia Anne, mwaka 1711, ilizitoza karata ushuru mkali, na ree ya shupaza ikawa ndiyo inayobeba alama ya kwamba kodi imelipwa. Ndiyo sababu hadi leo karata hiyo huwa na pambo kubwa kuliko wenzake. Mwaka 1805 mtu aitwaye Richard Harding alinyongwa London kwa kughushi ree ya shupaza. Ushuru huo haukufutwa mpaka 1960. Marekani nayo ilibandika stempu za kodi kwenye pakiti za karata kuanzia 1894 hadi 1965, na stempu hizo ndizo zinazowasaidia wakusanyaji kukadiria umri wa pakiti. Na ile kampuni ya De La Rue iliyojipatia jina kwa kuchapa karata ndiyo iliyokuja kuchapa noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi ikawa na kiwanda cha kuchapa noti Nairobi. Mashine zilizojifunza kuchapa malkia wa kopa bila kasoro zilikuwa na ujuzi wa kutosha kuchapa fedha zetu. Anayesema karata ni jambo dogo aanze kwanza kuieleza pochi yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wanasema karata hizi zilitangaza sigara na pombe. Kwa nini tuzitukuze? Sizitukuzi. Nazitaka zihifadhiwe kama daktari anavyohifadhi picha ya eksirei ya mapafu. Kenya ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007, ikapiga marufuku matangazo ya sigara. Nafurahi. Lakini tangazo likifutwa ukutani, ushahidi wa jinsi lilivyoingia nyumbani unafutika nalo. Marekani, kesi dhidi ya makampuni ya tumbaku zilizomalizwa kwa makubaliano ya mwaka 1998 ziliyalazimisha kuweka wazi mamilioni ya kurasa za nyaraka zao za ndani, na leo mtafiti yeyote anaweza kuzisoma. Huo ni upande wa aliyetangaza. Upande wa aliyetangaziwa hauna hifadhi ya namna hiyo. Uko kwenye droo za jikoni, na kila tunapofanya usafi wa Idi au Krismasi unaenda jalalani.

Pingamizi la tatu ni la wazee wetu, nami naliheshimu. Nyumba nyingi, za Waislamu na za Wakristo, haziruhusu karata ndani, kwa hofu ya kamari na kupoteza muda. Sitawaambia waziruhusu. Nasema tu kwamba kitu kuwa kilikatazwa si sababu ya kujifanya hakikuwepo. Ukweli ni kwamba zilifichwa: nyuma ya kabati, juu ya dari, chini ya gunia la mkaa. Na penye kufichwa pana habari ya familia, ya nani alimficha nani, na kwa nini bibi alijua siku zote lakini hakusema.

La nne ni la marafiki zangu wenye siasa kali. Wanasema vitu hivi vya zamani ni vya kikoloni, na kuvikusanya ni kuugua njozi za mkoloni. Hapa tunakubaliana zaidi kuliko wanavyofikiri. Marekani, reli ya Great Northern ilitoa karata zenye picha za watu wa taifa la Blackfeet, zilizochorwa na Winold Reiss. Ni picha nzuri mno. Zilikusudiwa kuuza tiketi za treni kwenda hifadhi ya Glacier, ambayo sehemu yake ya mashariki ilikuwa ardhi ya Blackfeet mpaka mkataba wa 1895. Nyuso za watu zilitumika kuuza safari ya kwenda kwenye ardhi iliyowatoka. Pakiti hiyo ikikaa ndani ya selofani na kuitwa safi, neno safi lenyewe linafanya kazi ya kufunika. Lakini dawa si kuitupa. Dawa ni kuifungua, kuzipanga nyuso zile mezani, na kuuliza kila mmoja wao alikuwa nani, nani alilipwa, na waliozicheza walidhani wanamtazama nani.

Najua pia pingamizi la watu wa makumbusho: karata ikichezwa inakufa. Ni kweli. Kila unapoichanga unaimaliza kidogo. Kwa hiyo sisemi kila pakiti iliyofungwa duniani ichanwe leo usiku. Turnhout, Ubelgiji, mji uliojengwa na viwanda vya karata, una makumbusho mazima ya karata, na ni sawa yawe na pakiti ambazo hazijaguswa, za kuonyesha rangi ilikuwaje ilipotoka kwenye mashine. Ninalolikataa ni mizani inayosema hiyo ndiyo thamani yote, na iliyochezwa ni hasara. Mizani hiyo ina madhara. Wapo wanaovunja pakiti nzima ili kuchukua karata moja yenye mgongo mzuri, 51 zikaenda motoni. Wapo wanaofuta hesabu za penseli kwa kifutio ili boksi lionekane jipya. Mtu aliyefuta SISI na WAO amefuta watu wanne kwa ajili ya dola tano.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaelekeza kwako unayesoma haya kwenye simu, kwa sababu una umri wangu au unakaribia, na kizazi kilicho juu yetu kinahama nyumba na kuagana na dunia kwa kasi.

Ukikuta pakiti kwenye kabati la nyumbani, usiisafishe. Usiipange upya kabla ya kuipiga picha ilivyo, maana mpangilio wa mwisho nao ni habari. Hesabu zilizo chafu na zilizo safi. Tazama ndani ya kifuniko. Kisha mfuate babu, bibi, mjomba, yeyote aliyeishika, umuulize maswali matatu: mlicheza mchezo gani, na akina nani, na karata hii mliiita nani. Andika jibu kwa maneno yake, hata kama anasema kisu pale kamusi inaposema uru. Hasa hapo. Andika na jina la mtaa, na mwaka kama anaukumbuka. Karatasi hiyo iweke ndani ya boksi. Hakuna mnada utakaokuongezea hata senti kwa ajili yake, na ndiyo itakayofanya pakiti hiyo iwe na maana kwa mtu atakayeizaliwa baada yako.

Na kwa walio vyuoni: tuache kuona haya kuweka takataka za majumbani mezani. Jopo likiuliza nyaraka ziko wapi, wagawie. Kumi kumi, kwa watu wanne, nane na tisa na kumi zikiwa pembeni. Halafu waulize nani ana turufu.